Kabla Hujanunua Mlango wa Kadi: Tayarisha Kwanza Stima na Mtandao wa Jumba

Majengo ya leo si Majengo ya nyumba za Kiswahili peke yake. Zamani nyumba ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na mlango mmoja wa mbele. Nani kaingia, nani katoka, kila mtu alijua. Sasa pale palipokuwa na nyumba ya vyumba sita pamesimama jumba la ghorofa tano, wapangaji hawajuani kwa majina, na ufunguo wa lango umechongwa nakala mara nyingi mpaka hakuna anayejua ziko ngapi mtaani. Mpangaji akihama, ufunguo anahama nao.

Ndiyo sababu wenye nyumba wengi siku hizi wanaulizia mlango wa kadi: ule unaogusa kadi, unabonyeza namba au unasogeza simu, na mlango unafunguka. Mpangaji akihama, kadi yake inafutwa, basi. Ni jambo zuri. Lakini sisi ni kampuni ya malipo kwa simu, kwa nini tukuandikie habari za milango?

Kwa sababu mbili. Kwanza, mlango huu unalipiwa kwa simu toka mwanzo hadi mwisho: vifaa, fundi, tokeni za stima, bili ya intaneti. Pili, mlango huu unatumia vitu vilevile vinavyolinda pesa zako: simu yako, namba ya siri na mtandao wa jumba. Ukiufunga vibaya, hasara haiishii mlangoni.

Jambo moja tungependa ulishike katika makala haya yote ni hili: mlango wa kadi hauzidi uimara wa stima na mtandao ulio nyuma yake. Watu wengi huanza kwa kununua kufuli. Anza na yale yasiyoonekana, kufuli inunuliwe mwisho.

Mlango wa kadi una viungo gani?

Ukiona mlango unalia "tii" na kufunguka, kuna vitu vitano vinafanya kazi pamoja.

Kuna kisoma-kadi, kile kijisanduku cha nje ukutani. Kuna kontrola, ambayo ndiyo ubongo: inapokea namba ya kadi, inaangalia kama imo kwenye orodha, kisha inaamua. Kuna kufuli yenyewe, ya sumaku au ya kitasa cha umeme. Kuna chanzo cha stima pamoja na betri ya akiba. Na kuna mtandao: swichi, waya na rauta, ili msimamizi wa nyumba aweze kuongeza au kufuta kadi akiwa kwenye kompyuta au simu.

Kwenye soko utakuta vifaa ambavyo kisoma-kadi na kontrola vimewekwa kwenye kisanduku kimoja kinachokaa nje. Ni rahisi kwa bei, lakini fikiria: ubongo wa mlango uko upande wa mwizi. Mtu akiking'oa ukutani, nyuma yake atakuta nyaya za kufuli, na kuna mifumo ambayo kugusanisha nyaya mbili tu kunafungua mlango. Kwa lango la jumba la wapangaji, kontrola ikae ndani, kwenye chumba au kabati linalofungwa. Nje kibaki kisoma-kadi peke yake.

Swali la kwanza: stima ikipotea, mlango unafanya nini?

Usikubali fundi akuanzie na rangi ya kisoma-kadi. Muulize swali hili kwanza.

Kufuli ya sumaku inashika mlango kwa nguvu ya stima. Stima ikikatika na betri ikiisha, sumaku inaachia, mlango unabaki wazi. Kitasa cha umeme cha aina nyingine hufanya kinyume: stima ikipotea kinabaki kimefungwa kwa nje, lakini ndani kuna mkono wa kawaida unaoushika na kutoka bila kuhitaji stima. Kila aina ina mahali pake. Kisichokubalika hata kidogo ni mlango ambao stima ikipotea, aliye ndani hawezi kutoka.

Hili si la kuchukulia mzaha. Mwezi wa Machi 2001, bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, liliungua usiku na wanafunzi 67 wakafa. Madirisha yalikuwa na vyuma, na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Kule hakukuwa na kadi wala mtandao, lakini somo ni lilelile: mlango unaozuia mwizi usije ukawazuia wenye nyumba kutoka. Na majumba yetu mengi yana grili kila dirisha, kwa hivyo lango la chini na mlango wa ngazi ndiyo njia yenyewe ya kutokea.

Kwa hiyo kama umechagua kufuli ya sumaku, ndani pawe na kitufe cha kutokea pamoja na kisanduku cha dharura cha kuvunja kioo. Vyote viwili vikate stima ya kufuli moja kwa moja. Mafundi wengine huunganisha kitufe na kontrola peke yake, yaani kitufe "kinaomba" na kontrola "inakubali". Kontrola ikikwama, ombi halina wa kulijibu. Waya wa dharura haupaswi kumwomba mtu ruhusa.

Piga hesabu ya betri

Hapa hesabu ni rahisi, na ni vizuri uijue kabla hujaambiwa bei. Kufuli ya sumaku ya kawaida hula takriban nusu ampia kwa volti 12, saa zote, usiku na mchana. Tuseme kontrola na kisoma-kadi vinakula 0.3 pamoja. Jumla ni ampia 0.8.

Betri ndogo inayowekwa kwenye mifumo mingi ni ya ampia-saa 7. Gawanya 7 kwa 0.8, unapata kama saa 8 na dakika 45. Hiyo ni kwenye karatasi. Betri iliyokaa miaka miwili kwenye joto la Mombasa, ndani ya kisanduku cha chuma, usiitarajie ikupe zaidi ya nusu yake. Hesabu saa nne.

Je, saa nne zinatosha? Ijumaa, Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu Kenya nzima, na sehemu nyingine zikakaa gizani hadi siku ya pili. Desemba 10 mwaka huohuo ikapotea tena. Ukitaka mlango wa sumaku uishi saa 24 kwa mzigo huo wa 0.8, unahitaji ampia-saa 19.2 kwenye karatasi, na ukiweka nafasi ya uchakavu, karibu 40. Hiyo ni betri kubwa, si ile ya mkononi.

Kitasa cha umeme kinachobaki kimefungwa hula stima pale tu kinapofunguliwa, sekunde chache kila mara. Betri ileile ndogo itakwenda mbali zaidi. Kwa lango la mbele la jumba la wapangaji, kitasa cha aina hii chenye mkono wa kutokea ndani na tundu la ufunguo nje mara nyingi ndicho kinachofaa. Ufunguo wa akiba ukae kwa watu wawili wanaojulikana, si kwa mtu mmoja aliyesafiri kwenda Lamu.

Tokeni za mita ya ngazi

Kuna kukatika kwa stima kusikosababishwa na mtu yeyote ila sisi wenyewe. Majumba mengi yana mita moja ya pamoja: taa za ngazi, pampu ya maji, na sasa mlango. Tokeni zikiisha saa sita usiku, mlango unaanza kula betri na hakuna anayejua hadi betri nayo imalizike.

Kabla hujafunga mlango, amueni mambo matatu. Nani ananunua tokeni za mita ya pamoja? Pesa zinatoka mfuko gani? Na nani anaangalia salio la mita kila wiki? Hifadhi namba ya mita hiyo kwenye programu yako ya malipo kwa jina linaloeleweka, kwa mfano "Mita ya ngazi", isije ikachanganyika na mita ya nyumbani kwako. Ujumbe wa malipo utumwe kwenye kundi la WhatsApp la jumba siku hiyohiyo. Kama intaneti ya mlango nayo inalipiwa kila mwezi, ifanyieni vivyo hivyo. Mlango wa ufunguo hauna bili. Mlango wa kadi unazo, na zikichelewa ni mlango unaochelewa kufunguka.

Waya: mahali pesa haziokolewi

Watu hufikiri mlango unaweza kutumia Wi-Fi na mambo yakaisha. Kwenye kontrola ya lango, tunakushauri uvute waya. Kuta za jumba ni nene, rauta iko ghorofa ya tatu, lango liko chini nyuma ya chuma. Ukienda Mji wa Kale ndiyo kabisa, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zinameza Wi-Fi kama sifongo. Mlango unaopata mtandao leo na kuukosa kesho utakuchosha.

Mambo ya kumwambia fundi wa waya ni haya:

Waya wa mtandao uwe wa shaba tupu, si aluminiamu iliyopakwa shaba. Ukikwangua ncha kwa kisu na ndani kukawa kweupe, umeuziwa aluminiamu. Waya huo unapoteza stima njiani na unavunjika upesi kwenye viungo.

Urefu wa waya mmoja kutoka swichi hadi kifaa usizidi mita 100. Kwa jumba la ghorofa tano hutafika huko, lakini waya ukizungushwa kupitia paa na ua wa nyuma, mita huongezeka bila mtu kuona.

Waya wa mtandao usifungwe pamoja na waya wa stima kwenye bomba moja. Na upite ndani, si kuning'inia ukutani nje ambapo mtu anaufikia kwa ngazi ya mbao.

Kuna mpango unaoitwa PoE, ambapo waya mmoja wa mtandao unabeba mawasiliano na umeme pia. Ni mzuri, kwa sababu ukiweka UPS moja kwenye swichi, vifaa vyote vinavyoning'inia hapo vinabaki hai. Ila uangalie kipimo. Swichi ya PoE ya kiwango cha kwanza hutoa wati 15.4 kwa kila tundu, na baada ya kupungua njiani hufika kama wati 13. Mlango wetu wa mfano wa ampia 0.8 kwa volti 12 unahitaji wati 9.6. Unaingia, lakini nafasi iliyobaki ni ndogo. Ukiongeza kufuli ya pili, hapo sasa unahitaji swichi ya kiwango kinachofuata, cha wati 30.

Na tusisahau bahari. Upepo wa chumvi unaokula mabati unakula pia viungo vya nyaya. Kisoma-kadi cha nje kiwe na kiwango cha IP65 au zaidi, yaani vumbi haliingii na maji ya kurushwa hayapiti. Kila kiungo cha nje kizibwe vizuri kabla ya mvua za masika. Weka pia kifaa cha kukinga mruko wa stima, kwa sababu mara nyingi kinachoua kontrola ni ile stima inaporudi kwa kishindo.

Neno moja kwa jirani zetu wa Mji wa Kale: mlango wa nakshi hautobolewi ili kuwekwa sumaku. Eneo lile linalindwa kisheria kama urithi wa taifa, na mabadiliko ya nje ya nyumba yanapitia kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Tafuta mlango wa ndani, kwa mfano wa kupandia ngazi, uweke mfumo wako hapo. Mlango wa mbele uache na heshima yake.

Mtandao: mlango usikae chumba kimoja na wageni

Waya umefika. Sasa unachomekwa wapi? Kosa la kawaida ni kuuchomeka kwenye rauta ileile ambayo wapangaji wote wanatumia kutazama mpira. Wi-Fi ya jumba ambayo nenosiri lake limebandikwa ukutani si mahali pa kuweka mlango. Yeyote aliyemo kwenye mtandao huo anaweza kujaribu kubisha hodi kwenye kontrola yako.

Mwambie fundi wa mtandao autenge. Swichi na rauta nyingi zina uwezo wa kugawa mtandao mmoja kuwa miwili au mitatu isiyoonana, ule unaoitwa VLAN. Mmoja wa wapangaji, mmoja wa milango na kamera. Kama vifaa vyako haviwezi, rauta ndogo ya pili kwa ajili ya mlango peke yake ni bora kuliko kuchanganya.

Kontrola ipewe anwani ya IP isiyobadilika, na iandikwe kwenye daftari pamoja na jina la mlango. Bila hivyo, stima ikirudi rauta inaweza kuipa anwani nyingine, na msimamizi akabaki anatafuta mlango wake kwenye kompyuta.

Saa ya kontrola iwekwe kwa wakati wa Afrika Mashariki na ijirekebishe yenyewe kupitia mtandao. Siku kukitokea wizi, kumbukumbu inayosema mlango ulifunguliwa saa nane usiku kumbe ilikuwa saa kumi na moja jioni haimsaidii mtu, na inaweza kumtia matatani asiyehusika.

Kisha badilisha nenosiri la kiwandani. Usiseme utabadilisha kesho. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilizunguka duniani ikijaribu maneno ya siri ya kiwandani kwenye kamera na rauta, ikaviteka vifaa kwa maelfu na kuvitumia kuangusha tovuti kubwa kubwa mwezi wa Oktoba mwaka huo. Wenye kamera hizo hawakujua lolote. Walikuwa hawajabadilisha "admin" tu.

Pia usikubali kontrola ifunguliwe tundu la moja kwa moja kutoka intaneti "ili uiangalie ukiwa Dubai". Kama unataka kuifikia ukiwa mbali, fundi atumie njia ya siri ya VPN, au huduma ya mtengenezaji inayohitaji namba ya uthibitisho kila unapoingia.

Intaneti ikikatika, je?

Mombasa ndipo nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilipofika nchi kavu mwaka 2009. Hata hivyo Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika kusini huko baharini, intaneti ilisinzia Afrika Mashariki nzima. Kuwa karibu na kisima si kinga ya kiu.

Kwa hivyo orodha ya kadi ikae ndani ya kontrola yenyewe, jumbani. Intaneti iwe ya kusimamia tu, si ya kufungulia. Muulize muuzaji waziwazi: "Nikichomoa waya wa intaneti sasa hivi, kadi yangu itafungua?" Akisita, angalia kwingine.

Hata wakubwa wameonja hili. Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Magazeti ya Marekani yaliripoti kwamba baadhi ya wafanyakazi wa Facebook walishindwa kuingia ofisini kwao kwa sababu kadi za milango nazo hazikufanya kazi. Kampuni yenye mafundi wa kila aina ilikwama mlangoni pake. Jumba letu la Majengo lina fundi mmoja, naye simu yake huzimwa Ijumaa mchana.

Kadi, simu au namba?

Kabla hujachagua, waangalie wanaopita mlangoni. Watoto wanaokwenda chuoni jioni hawana simu, kwa hivyo wanahitaji kadi. Bibi wa ghorofa ya kwanza hataki kukumbuka namba. Wauza maji wa mkokoteni wanaingia mara kadhaa kwa siku maji ya mfereji yakikosekana. Wanaokwenda swala ya alfajiri wanatoka kukiwa bado giza, na mwezi wa Ramadhani lango halilali. Ukimwacha fundi apange mlango "ujifunge saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi", utakuwa umewafungia watu nje kwenye tarawehe.

Kuhusu kadi zenyewe: zile za bei ya chini kabisa za kilohezi 125 hunakiliwa kwa kifaa kidogo kwa sekunde chache, sawa na ufunguo wa kuchonga. Uliza za megahezi 13.56 zenye usimbaji wa kisasa. Ni ghali kidogo, lakini usipofanya hivyo umerudi pale pale ulipokimbia.

Na hapa ndipo mlango unapokutana na pesa zako moja kwa moja. Mlango wa namba una vitufe kumi, ngazini, ambapo kila mtu anakuona ukibonyeza. Vitufe vinavyotumika sana hung'aa na kuchakaa, kwa hiyo hata asiyekuona anaweza kukisia. Ukitumia PIN yako ya pesa kama namba ya mlango ili usisahau, umeibandika ukutani. Tafadhali, hizi mbili zisifanane hata kwa mpangilio. Kama leo zinafanana, badilisha PIN ya pesa kabla hujamaliza kusoma.

Wanaofungua kwa simu nao wajue kwamba simu ikiibiwa vimeibiwa vitu viwili. Fuata mpangilio huu: kwanza tupigie sisi tufunge akaunti yako, pili mpigie mtoa huduma wako wa laini aifunge, tatu mpigie msimamizi wa nyumba afute simu hiyo kwenye mlango. Namba zake ziandike pia kwenye karatasi ndani ya nyumba, kwa sababu zilizokuwa kwenye simu zimekwenda na simu.

Alama za vidole na kodi

Muuzaji anaweza kukushawishi uweke mlango wa alama za vidole. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inazihesabu alama za vidole kuwa taarifa nyeti za mtu. Maana yake ni kwamba mwenye nyumba anayezikusanya ana wajibu: awaeleze wapangaji anazitumia kwa nini, azilinde, azifute mpangaji akihama, na kwa mtoto apate ridhaa ya mzazi. Ulizia Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data kuhusu usajili kabla hujaanza. Kadi ikiibiwa unapewa nyingine. Kidole hakina nyingine.

Na kuna mifumo inayotangazwa kwamba inaunganishwa na malipo ya kodi, mpangaji akichelewa kadi inazimika yenyewe. Sisi ndio tunaopitisha malipo, na tunakwambia usifanye hivyo. Ujumbe wa malipo unaweza kuchelewa, mtu anaweza kukosea namba ya akaunti kwa tarakimu moja, na mama akajikuta nje na mtoto mgonjwa usiku. Tena mgogoro wa kodi una baraza na mahakama zake, haumalizwi kwa kumfungia mtu mlango. Kodi idaiwe kwa kitabu, mlango uache ulinde.

Mlipe fundi kwa hatua

Kazi hii ina sehemu tatu zinazoonekana, kwa hivyo na malipo yawe matatu. Sehemu ya kwanza baada ya waya na stima kukamilika na kupimwa. Ya pili vifaa vikishafungwa. Ya tatu baada ya majaribio, si kabla.

Omba makadirio yaliyoandikwa yanayotaja aina ya kifaa, ukubwa wa betri na urefu wa waya. Lipa kwenye namba ya biashara inapowezekana, na soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka PIN. Jina likiwa tofauti na la kwenye makadirio, simama uulize. Kama pesa ni za wapangaji wote, atakayelipa atume ujumbe wa malipo kwenye kundi papo hapo.

Siku ya majaribio, fanyeni haya mbele ya fundi, na angalau wapangaji wawili wawepo:

1. Zimeni stima ya ngazi. Kadi ifungue, na aliye ndani atoke.
2. Acheni stima imezimwa kwa saa nne. Mlango bado ufanye kazi.
3. Chomoeni waya wa intaneti. Kadi ifungue.
4. Bonyezeni kisanduku cha dharura. Mlango uachie papo hapo.
5. Futeni kadi moja, kisha mjaribu kuitumia. Ikatae.
6. Fungueni kwa ufunguo wa akiba.
7. Fundi akabidhi maneno ya siri, anwani za IP na mchoro wa waya kwa maandishi, kisha mwenye nyumba abadilishe maneno hayo fundi akishaondoka.

Jaribio likishindwa hata moja, malipo ya mwisho yasubiri. Fundi mzuri hatakasirika, kwani na yeye hataki kuamshwa saa tisa usiku.

Rudieni majaribio haya kila baada ya miezi sita, na siku hiyohiyo tazameni betri. Kuna tarehe iliyoandikwa ubavuni mwake.

Ukiwa na swali kuhusu malipo ya jumba lako, tupigie kwa namba iliyo ndani ya programu yetu. Hatutakuuliza PIN yako. Na fundi wa mlango asikuulize pia.